Mrejesho: jicho la mama na presha ya usiku

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini mama ameamka na ukungu jicho moja, wakati kliniki presha yake inasoma 128/80. Daktari wa macho hapa Dar amekuta vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeziba, damu imevilia. Akafungwa kipimo cha presha cha saa 24. Mbagala nzima imelala, mkanda unajaa upepo mkononi, mama anashtuka. Kumbe usiku presha yake haishuki, ilhali kawaida hushuka asilimia 10 hadi 20! Presha ya muda mrefu hukakamaza ateri (mshipa unaotoa damu moyoni), nayo huibana vena pale zinapokatizana. Dawa zimebadilishwa, sindano ya kwanza ya jicho tayari. Jana kasoma kibao cha daladala, Mbagala–Kariakoo, kwa jicho hilohilo. Nimelia.