Mjadala: Kumbeba ndugu usiku kumpeleka soba (nyumba ya kuachishia ulevi), tunamwokoa au tunamfunga?

Msesewe (Moshi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Naleta hili hapa kwa sababu kwenye ukoo wetu tumeshindwa kuelewana, na Jumamosi hii tunakaa kikao cha tatu Kibosho kwa baba mkubwa.

Kaka yangu ana miaka 41, ni fundi seremala. Kitanda alichonitengenezea mwaka niliooa hakijawahi kulia hata siku moja. Alianza na mbege, pombe yetu ya ndizi, kama sisi wote, maana kwetu mtoto anaonjeshwa kata ya bibi kabla hajajua a e i o u. Akaenda kwenye bia, akaenda kwenye viroba, ile pombe kali ya vipakiti. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017 mama alitoa sadaka ya shukrani kanisani, akijua sasa mwanawe atapumzika. Akahamia gongo na vile vichupa vya pombe kali. Leo ikifika saa moja asubuhi mkono unatetemeka, hashiki msumari mpaka azimue.

Novemba iliyopita tulichanga. Laki tatu na nusu ya mwezi wa kwanza, na nauli ya "kumchukua" mbali. Saa tisa usiku Noah ikaingia uani, wakashuka vijana wanne walioshiba. Mimi ndiye niliyewamulikia na tochi ya simu. Kaka alipobebwa juujuu aligeuza shingo akaniona. Akasema, "Dogo, hata wewe?" Basi, hakupiga kelele tena.

Siku mbili tukaambiwa anaendelea vizuri. Siku ya tatu simu ikaja: ndugu yenu kapandisha mashetani. Tulimkuta kafungwa kanga mbili kwenye kitanda cha chuma, jasho linamtoka kama katoka kuoga, anaokota siafu ukutani moja moja na kumkabidhi marehemu baba awashike. Wenye nyumba wanamwombea. Shemeji ndiye aliyegoma, akasema huyu anaenda hospitali hata kama ni mashetani. Daktari alituuliza swali moja tu: alikunywa mara ya mwisho lini? Tukaelezwa kwamba ile ni pombe iliyokatwa ghafla, na kwamba tungechelewa usiku ule tungekuwa tunachangia sanduku. Alikaa wodini siku tisa.

Tangu Pasaka anakunywa tena. Ukoo unataka Noah irudi. Baba mkubwa kila kikao anafungua na "mchelea mwana kulia hulia yeye". Mimi nimekataa kumulika tena, nimeitwa msaliti. Msimamo wangu: kumbeba mtu kwa nguvu ni kosa, na kumtendea mnywaji kama mla unga, yaani heroini, ni hatari zaidi. Nipingeni, lakini kwa hoja.

Mama Wawili (Pasua)

Nakupinga mwanangu, tena nakupinga nikiwa na uchungu. Wangu ni wa unga. Aliuza geti, aliuza nguo za mdogo wake za Kipaimara. Siku moja nimerudi sokoni nikakuta ameuza jiko la gesi na mtungi wake maharage yakiwa yanachemka juu yake. Sufuria kaiweka chini sakafuni, tena kaifunika vizuri na sahani, maharage nusu yameiva. Nikakaa chini nikalia na kucheka kwa pamoja.

Mtu wa hivyo unamsubiri aamue mwenyewe? Anaamua na akili ipi? Nilimbeba kwa nguvu, akanitukana matusi ambayo hata baba yake hakuwahi kunitukana. Alikaa miezi sita. Leo ana mwaka wa pili, yuko gereji anapiga rangi magari. Ningemsubiri, ningekuwa namsubiria makaburini.

Teja Mstaafu (Arusha)

Mama, shikamoo. Naongea kwa heshima kwa sababu na mimi niliuza vitu vya mama yangu.

Nilikula unga miaka tisa. (Naishi Unga Limited, na msinichekeshe. Mtaa ulipata jina kwa kiwanda cha kusaga, huo wa ugali. Utani huo nimeshausikia mpaka polisi.) Nimebebwa mara tatu, kwa hiyo najua Noah kwa ndani.

Msesewe amegusa kitu ambacho watu hawakijui. Arosto ya unga, yaani mateso ya kuukosa, inaanza masaa nane mpaka kumi na mbili baada ya kete ya mwisho. Miayo, pua inatiririka, vinyweleo vinasimama kama kuku aliyenyonyolewa, halafu mifupa. Siku ya pili na ya tatu unahisi mtu anakutoboa mapaja kwa bisibisi, na tumbo halishiki hata maji. Baada ya wiki inatulia. Unaomba ufe, na kwa kawaida hufi, ilimradi unywe maji. Ndiyo maana soba nyingi zina chumba cha kufungia: kwa mla unga mwenye afya yake kinafanya kazi. Wakamfungia na mlevi humohumo wakidhani ni kitu kimoja.

Ila kifo cha unga kinakusubiri nje ya geti. Miezi mitatu umekaa, unakula uji, umepata mashavu. Mwili umesahau dozi. Unatoka, unakutana na washikaji, unavuta au unajidunga kipimo kilekile ulichoacha nacho. Pumzi inapungua, inapungua, kwisha. Nimezika wenzangu wawili, na wote walikufa wakiwa wamenenepa. Majirani walisema "jamani, alikuwa ameshapona".

Kilichonitoa mimi ni methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga. Nilihamia Dar kwa dada, nikawa nakwenda kliniki kila asubuhi, nakunywa kikombe mbele ya nesi, naondoka. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011. Watu wanasema ni kubadilisha unga kwa unga. Sawa, lakini kwa kikombe kile arosto haikunishika, sikuiba, nilijifunza ufundi simu. Nilikwenda kwa miguu yangu.

Mama, naomba nikuulize kwa adabu: ile miezi sita mwanao aliyokaa ilikuwa mara ya ngapi kupelekwa?

Mzee wa Kihamba (Uru)

Mnasumbuka bure vijana. Pombe ni tabia. Ugonjwa gani unanunuliwa dukani na chenji unarudishiwa? Nilikunywa miaka thelathini. 1998 mke wangu aliniambia neno moja, ambalo ni letu wawili, nikaweka glasi chini mpaka leo. Sikuona siafu wala marehemu.

Na msidhani sisomi. Askari wa Marekani kule Vietnam karibu mmoja kati ya watano alikuwa amenaswa na heroini. Waliporudi kwao wengi mno waliacha, na wachache sana kati yao walirudia ndani ya mwaka wa kwanza. Hakuna Noah, hakuna kikombe. Mtu akitaka anaacha.

Nesi wa Zamu (Moshi)

Mzee shikamoo, na hongera ya kweli. Si kila mnywaji wa miaka mingi anapata siafu, wewe ulikuwa na bahati na huenda ulikuwa hunywi asubuhi. Habari ya Vietnam ni ya kweli, ila inaniunga mkono mimi. Wale askari walitoka vitani wakaenda kwa mama zao, walikobadilika si wao tu bali kila kilichowazunguka: muuzaji hayupo, hofu haipo, washikaji wametawanyika. Kaka yake Msesewe alitolewa wodini akarudishwa kwenye karakana. Msesewe, kutoka hapo mpaka kwenye kilabu ni hatua ngapi?

Msesewe

Unasikia redio yao.

Nesi wa Zamu

Basi. Ngoja niseme la kitaalamu kidogo, mnivumilie, nimetoka zamu ya usiku.

Pombe ni breki. Ukiikanyaga kila siku kwa miaka, ubongo nao unakanyaga mafuta ili usizimike. Gari linatembea, watu wanaona mtu yuko sawa. Siku unapotoa mguu kwenye breki ghafla, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Kutetemeka na jasho huanza kati ya masaa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili mpaka ya nne ndiyo ya siafu, nyoka, marehemu, na homa. Hiyo hatua inaua. Tiba yake ipo na si ya ajabu: diazepamu, dawa ya kutuliza na ya usingizi, inayopunguzwa siku hadi siku, maji, na vitamini B1, kwa sababu mtu anayekula pombe badala ya chakula huwa ameishiwa hiyo vitamini na ubongo unaharibika. Anayemeza vidonge hivyo vya usingizi kila siku kwa muda mrefu naye akivikata ghafla yuko kwenye hatari ileile.

Na watu hawajui wanakunywa kiasi gani. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Kichupa cha mililita 200 cha asilimia 35 kina gramu 55, yaani karibu bia tatu, na kinaingia mfuko wa shati. Gongo hata silipigii hesabu. Hakuna anayejua nguvu yake, na ikiingia methanoli, ile pombe ya sumu, mtu anaweza kupofuka.

Hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kumekuwa na mpango unaoitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako: aliyeumia ajalini na pombe imo, nesi anakaa naye mazungumzo mafupi akiwa bado ana bandeji. Hakuna matusi. Mtu mwenye mguu kwenye plasta anasikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza kikao chochote cha ukoo.

Kuhusu nguvu: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumlaza mtu bila hiari yake pale akili inapokuwa imeondoka. Lakini hospitalini, na daktari akiwa amemwona. Mabaunsa saa tisa usiku hawamo.

Boda wa Sakina (Arusha)

Mimi natafuna mirungi nikiendesha usiku. Hapa ni kosa, ukivuka Namanga kuingia Kenya inauzwa mezani kama mchicha. Na mimi mgonjwa? Mtaniletea Noah?

Nesi wa Zamu

Ukiikosa siku tatu, unakuwaje?

Boda wa Sakina

Nalala kama gogo, naamka sina hamu ya kitu, mke akiongea naona kero. Halafu inapita.

Nesi wa Zamu

Hiyo ndiyo arosto yako, ni ya huzuni na usingizi, haikuui. Dawa iliyomo kwenye jani inapungua nguvu jani likinyauka, ndiyo maana unaikimbilia ikiwa mbichi, imefungwa kwenye jani la mgomba. Kinachonitisha kwako ni usingizi unaoukopa. Unakopa Jumatatu, unadaiwa Alhamisi ukiwa barabarani na abiria nyuma.

Bangi nayo inayosakwa huko Arumeru ina tabia zake: mzoefu akiiacha anakosa usingizi, anakuwa na hasira wiki moja mbili, lakini kijana aliyeanza na miaka 14 ndiye tunayemwona wodi ya akili. Na mtoto anayevuta gundi pale stendi, huyo moyo unaweza kusimama siku hiyohiyo akikimbizwa na mgambo. Sasa mnaona kwa nini neno moja, "mateja", linatudanganya?

Mzee wa Kihamba

Nimekuelewa binti. Bado nasema mtu lazima atake.

Nesi wa Zamu

Hapo hatugombani, baba.

Mama Wawili

Teja, nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema. Ni mara ya tatu, baba. Mbili za kwanza sikuzisema hapa. Ya kwanza alitoroka kwa ukuta. Ya pili alitoka amenenepa, kama ulivyosema, na siku ya nne nikamkuta chooni midomo ya bluu. Jirani dereva ndiye aliyemuwahisha. Ya tatu sikumbeba. Alikuja mwenyewe jikoni akasema mama nipeleke. Nimekuwa nikiisimulia kama nilimbeba kwa sababu sijui, pengine nilitaka iwe mimi niliyemtoa.

Lakini Msesewe, bila zile mbili asingejua njia ya kwenda. Hilo silitoi.

Teja Mstaafu

Silipingi, mama. Mimi nilijua njia kwa zile tatu pia. Naipinga bei yake tu.

Msesewe

Nimesoma yote. Leo mchana nilikwenda karakana. Anapiga randa mlango wa mtu wa Kiboriloni, alikuwa ameshazimua, mkono umetulia. Hakuniangalia. Akauliza, "Mmeshapatana bei ya Noah?"

Nikamwambia Noah haipo, na kama ipo mimi simuliki. Nikamweleza habari ya breki na mafuta, nikamwambia kuna kulazwa kwa dawa, siku kadhaa, bila kufungwa kanga. Akapiga randa muda mrefu. Halafu akasema mlango utaisha Jumapili, Jumatatu anaweza kwenda, ila kwa bodaboda, na niende mimi tu.

Nikamwambia basi mpaka Jumatatu asikate ghafla, apunguze kidogo kidogo, na akianza kuona vitu anipigie saa yoyote. Akacheka mara ya kwanza tangu Novemba. "Kwa hiyo dogo unaniambia ninywe?"

Ndiyo, nimemwambia hivyo. Jumamosi baba mkubwa atafungua kikao, na shemeji ameshanitumia ujumbe kwamba habari imefika Kibosho kabla yangu: Msesewe kamwambia kaka yake aendelee kunywa.