Tupeane uzoefu: Ni nani mwingine asiyetambua sura za watu, hata wa nyumbani kwake?

Mwalimu wa Tanga
Ndugu zangu, habari za leo. Jana kwenye foleni ya maji nilimpita jirani yangu wa miaka sita bila salamu, kwa sababu alikuwa amenyoa nywele, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba ninaringa. Maneno hayo yamenikumbusha jambo ambalo nimelinyamazia kwa miaka 12.

Mama mkwe wangu alikuwa amelazwa. Nilikoroga uji wa ulezi alfajiri, nikautia kwenye chupa, nikaenda wodi ya wanawake. Nyumbani ninamjua kwa kanga zake, kwa mguu wa kushoto anaouburuta na kwa sauti yake, lakini siku ile wagonjwa wote walikuwa wamevaa sare za wodi, wamelala, kimya. Nilimwendea bibi mmoja, nikamwita mama, nikamwinua mgongo, nikamnywesha uji kikombe kizima, naye kwa udhaifu wake akanywa bila kuuliza. Nilipokuwa ninamfuta kidevu kwa ncha ya mtandio wangu, nikasikia kutoka kitanda cha nyuma: "Mwanangu, na mimi je?" Wifi yangu mmoja anaamini hadi leo kwamba nilifanya makusudi, na tangu siku hiyo hajala chakula changu.

Macho nimepimwa, ni mazima. Pua ninaiona, mdomo ninauona, lakini havikusanyiki vikawa fulani. Mwenye hali kama hii naomba aeleze.

Mama Mapacha
Hata mimi, mwalimu. Nilidhani niko peke yangu.

Mzee wa Pwani
Kusahau kumetupata sote. Asiyemsalimu jirani yake amekosa adabu, na tusiutafutie utovu wa adabu jina la ugonjwa.

Muuguzi Mstaafu
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hayo ni mambo mawili. Anayesahau jina anamjua mtu ila amekosa neno la kumwita. Mwalimu hamjui mtu aliyesimama mbele yake mpaka azungumze. Daktari Mjerumani Joachim Bodamer aliipa hali hii jina la prosopagnosia mwaka 1947, alipoeleza habari za watu waliojeruhiwa kichwani. Wengine huzaliwa nayo bila jeraha lolote, na mara nyingi hupatikana zaidi ya mmoja katika ukoo. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwa mashine ya kupiga picha za ubongo kwamba kuna sehemu ndogo chini ya ubongo, kuelekea kisogoni na hasa upande wa kulia, ambayo huchangamka mtu anapotazama sura kuliko anapotazama nyumba au mikono. Ndiyo maana mwalimu hakukosea chupa wala kikombe.

Mzee wa Pwani
Marahaba. Lakini sura nayo ni kitu kama vitu vingine. Kwa nini itengewe mahali pake?

Muuguzi Mstaafu
Chukua picha ya mtu unayemfahamu, uigeuze kichwa chini, kisha ufanye vivyo hivyo kwa picha ya nyumba. Robert Yin alionyesha mwaka 1969 kwamba kugeuza picha hutupotosha zaidi kwa sura kuliko kwa vitu vingine. Sura tunaisoma kwa mkupuo mmoja, na ikipinduliwa mkupuo huo huvunjika.

Mtoto wa Seremala
Nimesoma huku mikono ikitetemeka. Baba yangu alipata kiharusi, na aliporudi nyumbani alishika randa, patasi na msumeno, akataja kila kimoja bila kukosea. Sisi watoto alitujua kwa sauti. Usiku mmoja mama, ambaye mafua yalikuwa yamemkausha sauti kabisa, alitoka uani akaingia chumbani. Baba aliwasha taa, akaona mwanamke asiyemjua, akapiga ukelele wa mwizi. Mnajua neno hilo likisikika usiku mitaani kwetu linaleta nini. Vijana walifika na marungu, wakamtoa mama hadi barazani, naye akifungua mdomo bila sauti kutoka. Jirani mmoja alimmulika usoni kwa tochi, akayatambua macho yake, akajitupa katikati yao.

Mama Mapacha
Mama alipona? Tafadhali tueleze.

Mtoto wa Seremala
Alivunjika mkono, lakini yu hai. Siku hizi huvaa bangili mbili za shaba, huzigonganisha kabla ya kuingia, na baba hutabasamu kabla hajageuka.

Dereva wa Usiku
Pole sana. Mwalimu, ushauri wangu ni kumsalimu kila mtu kwa uchangamfu, hata usiyemjua.

Mama Mapacha
Siungi mkono. Nilifanya hivyo, nikamwamkia shikamoo mdogo wake mume wangu, akaniuliza kama ninamdhihaki. Afadhali kuwaambia watu waziwazi.

Karani
Kazini usiseme kamwe, watakuona hufai. Kariri viatu.

Mama Mapacha
Viatu hubadilishwa kila siku, ndugu yangu. Kariri mwendo.

Wa Kigoma
Jane Goodall, aliyeanza kuwachunguza sokwe wa hapa kwetu Gombe mwaka 1960, alieleza mwenyewe kwamba alikuwa na shida ya kutambua sura. Asiwepo wa kumwambia mwalimu kwamba hana akili.

Mfugaji
Je, mtu huyo hutambua ng'ombe wake?

Muuguzi Mstaafu
Inategemea. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza waliandika habari za mtu aliyepoteza sura za watu baada ya kiharusi, akaanza kufuga kondoo, na sura za kondoo akazimudu.

Mwalimu wa Tanga
Nawashukuru. Muuguzi aliposema kuhusu ukoo, nilimpa binti yangu wa miaka minane picha ya darasa lake, nikamwomba ajionyeshe. Alipitisha kidole kifuani mwa watoto, safu kwa safu, bila kutazama uso hata mmoja, akasimama kwenye sweta lililokosa kifungo cha pili. "Mimi huyu," akasema. Kesho nitakwenda kuzungumza na mwalimu wake wa darasa.