Ukoo wa Bibi: Safari ya Shangazi Mdogo

Shangazi Mkubwa: Assalaam aleykum. Mdogo wetu anaondoka Jumanne, Hong Kong kwanza, kisha Guangzhou kwenye maonyesho ya biashara ya Canton. Kikantoni, lugha ya huko, hajui hata neno. Mwenye nalo alilete leo.

Shangazi Mkubwa: Mmesoma watu kumi na mmoja. Kimya.

Mjukuu, Guangzhou: Shikamoo Shangazi. Aanze na "m sai", hakuna haja. "M" kama ya "mtu", midomo imefungwa. "Sai" sauti ipande. Kuuliza kama kuna haja: "sai m sai?"

Baba Mdogo: M ya mtu anaiweza, tatizo mtu mwenyewe 😂😂

Shangazi Mkubwa: Jumanne ni keshokutwa!

Mjukuu, Guangzhou: Dukani Hong Kong aseme "m sai doi, m goi", sihitaji mfuko, asante. Mfuko wa plastiki unalipiwa, dola moja ya kwao. Kumwachia dereva chenji: "m sai zaau".

Baba Mdogo: Asiache! Chenji ije Kariakoo.

Shangazi Mdogo: Ndo natoka dukani. Nikitaka kumkataza mtu je?

Mjukuu, Guangzhou: Hapo ni "m hou", yaani usifanye. Hii angalia sana, Shangazi. Ukimwambia mfungaji mzigo "m sai", hujamkataza, umemwambia si lazima. Anaweza kufunga na akawa hajakosea.

Baba Mdogo: Kama dada na mchango wa harusi. Alisema si lazima, nikaacha. Akaninunia mpaka Iddi.

Shangazi Mkubwa: Ulikuwa umetoka kuuguza, nikakustahi. Hukuuliza hata mara ya pili.

Bibi: (anaandikiwa) Pengo la mchango ule nililiziba mimi, kwa pesa za nazi zangu. Sikumwambia mtu. Lisisemwe tena.

Baba Mdogo: Nimesikia mama. Nisamehe.

Shangazi Mkubwa: Tumesikia mama.

Shangazi Mkubwa: Ndege saa kumi alfajiri. Nani anampeleka?

Mjukuu, Guangzhou: Nilisahau, huku Guangzhou wengi hasa vijana ni Kimandarini. Akiona hawamwelewi aseme "bu yong", ndiyo "m sai" ya Kimandarini.

Shangazi Mkubwa: Nimeuliza nani anampeleka.

Shangazi Mdogo: M sai dada, nitachukua bajaji.

Shangazi Mkubwa: Na mabegi mawili, usiku ule?

Baba Mdogo: Sai m sai? Nauliza mara ya pili.

Shangazi Mdogo: Sai, kaka.

Baba Mdogo: Basi gari likitoka gereji kesho nakuja. Lisipotoka nitasema.