Mama anapanda meli ya kitalii Mauritius, je Réunion lazima awe na viza hata kama hashuki?

Mwl_Nkuhungu
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Dodoma hapa Nkuhungu, naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kusafiri na meli za kitalii za visiwani, siyo boti za Zanzibar, nasema zile meli kubwa mnalala humohumo wiki mbili. Dada yangu yuko Durban, kamkatia mama tiketi wasafiri wote mwezi wa kwanza, wanapandia Port Louis Mauritius, wanapita Shelisheli, Madagaska sehemu inaitwa Nosy Be, halafu Réunion, meli inawarudisha Port Louis palepale. Mama ana miaka 68, mzaliwa wa Kongwa, bahari kaiona mara moja tu Dar tulipoenda msiba wa mjomba.

Paspoti tayari, tulihangaika kidogo maana hana cheti cha kuzaliwa ikabidi tukaape, lakini ile 150,000 tulilipa na kitabu kimetoka. Sasa shida iko hapa: ajenti anasema mama hahitaji viza yoyote, Mauritius tunaingia bila viza, na Réunion eti abaki tu melini wenzake wakishuka. Mwenzangu wa kazini kanambia huyo ajenti asituingize mkenge. Dada amejinyima miaka mitatu kwa hii safari, sitaki mama afike mpaka mlangoni mwa meli halafu aambiwe rudi. Ukweli ni upi?

Baharia_wa_Zamani
Mwalimu heshima yako, na mama mpe shikamoo yangu. Mimi nimefanya kazi ya kabini kwenye hizo meli miaka sita, sa hivi niko Dom nafanya biashara zangu, kwahiyo ntakwambia kile nlichokiona kwa macho.

Hilo la kubaki melini usilitegemee kabisa. Meli ikiingia bandarini abiria wote wanakuwa wameshaingia kwenye orodha inayopelekwa uhamiaji wa pale, anayeshuka na asiyeshuka. Na kampuni inajua ikipeleka mtu asiye na karatasi inaweza kupigwa faini, halafu fikiria mama akiugua usiku, ikabidi ashushwe hospitali Réunion, unamshusha kwa hati gani? Ndo maana hawasubiri mfike Réunion, wanakagua siku ya kwanza pale Port Louis kabla hata begi halijapanda. Ukikosa viza ya bandari moja tu wanaweza kukuzuia safari nzima, na hela mara nyingi hairudi kwasababu kwenye masharti ya tiketi imeandikwa hati ni jukumu la abiria. Nimeona watu wamekaa juu ya mabegi yao wanalia na meli inaondoka, siyo kitu cha kusimuliwa.

Réunion ni Ufaransa kabisa, wanatumia euro, ni mkoa wao wa ng'ambo. Sisi Watanzania tunahitaji viza. Muombeeni viza inayotaja Réunion.

Ilazo_Girl
Naunga mkono hapo kwa baharia na niongeze kitu ambacho kilitukuta sisi. Tulienda watano, mmoja wetu alikuwa na viza ya Schengen (ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya) bado hai, alitoka nayo Ulaya, kwahiyo yeye hakuomba kingine akijua Ufaransa ni Ufaransa. Kufika dawati la kupandia meli, kijana wa pale akaangalia stika ya viza akaigeuza akaiangalia tena, akasema hii haikuingizi Réunion. Na ni kweli, Réunion haimo kwenye eneo la Schengen, lazima viza yenyewe iwe imeandikwa kwamba inatumika huko. Dada wa watu alibaki Mauritius wiki mbili anatusubiri hotelini kwa hela yake, tulisafiri wanne na hatukuwa na raha. Kwahiyo mwalimu mkishapewa viza msifurahie tu, someni maandishi yake palepale kabla hamjaondoka.

Viza za Ufaransa zinaombewa Dar, na mama lazima aende mwenyewe alama za vidole. Kwa SGR anaondoka Dodoma alfajiri jioni karudi, siyo kama zamani basi siku nzima. Kwasababu hana mwajiri, dada aandike barua kwamba anamgharamia, aambatanishe stetimenti ya benki, cheti kinachoonyesha ni mtoto wake, bima ya safari na ratiba ya meli yenye jina la mama.

Kisasa_Mkulima
Chanjo ya homa ya manjano msisahau. Kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, mkienda kuchanja wiki ya safari mmechelewa. Ukishachanjwa ni ya maisha.

Mwl_Nkuhungu
Asanteni sana, mmenifumbua macho. Nimeongea na dada usiku kwa simu akalia kidogo halafu akasema bora tumejua sasa. Na hizo nchi zingine? Shelisheli na Madagaska? Na mama anataka kubeba karanga, ubuyu na mlenda mkavu wa kumpelekea dada, amekwisha funga tayari.

Ilazo_Girl
Shelisheli sisi Watanzania hatuhitaji viza ila kuna kibali cha kusafiri kinaombwa mtandaoni kabla, muulizeni ajenti kama kampuni ya meli inawaombea abiria au mnaomba wenyewe, na majibu awape kwa maandishi. Madagaska viza inapatikana ukifika au mtandaoni, napo muulize meli inashughulikiaje. Mauritius hapo airport sisi tuliulizwa mtalala wapi na mtatoka lini, kwahiyo mama awe na karatasi ya meli iliyoprintiwa na tiketi ya ndege ya kurudi mkononi, siyo kwenye simu ya dada ambaye anatua na ndege nyingine.

Karanga na ubuyu mwalimu mviache nyumbani jamani. Mbegu na mimea visiwani wanaogopa magonjwa ya mazao, bila kibali vinachukuliwa vinatupwa na mama ataumia roho.

Baharia_wa_Zamani
Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi ni saa. Mauritius, Shelisheli na Réunion wako mbele yetu saa moja, lakini Madagaska saa ni kama ya hapa Dodoma. Meli inaweza isibadilishe saa yake mkifika Nosy Be, ila simu itajibadilisha yenyewe, kwahiyo mtu anaangalia simu anaona ana saa nzima kumbe ngazi inapandishwa. Mnunulieni mama saa ya mkononi, dada airekebishe kwa saa ya meli, isiguswe mpaka mwisho. Na ile ratiba ya kila siku wanaandika kizungu, 16:30 maana yake saa kumi na nusu jioni, mwandikieni kwa Kiswahili kwenye karatasi maana wazee wanaona 5:30 wanasema saa tano na nusu.

Siku ya kupanda watampiga picha na kumpa kadi, hiyo kadi ndo ufunguo wa chumba na ndo inayoskaniwa akishuka na akipanda, aivae shingoni. Kuna meli zinazokusanya paspoti zinakaa nazo mapokezi, asishtuke, ila dada apige kopi kwanza.

Mwl_Nkuhungu
Mrejesho wakuu. Ajenti tulimbana akakubali kwamba hakuwa na uhakika, akatuandikia kampuni ya meli, jibu likaja kwamba bila viza ya Réunion mama hapandi. Tumepata apointimenti Dar wiki ijayo, chanjo kachanja jana, ubuyu kampa jirani. Swali langu la mwisho, magoti yanamsumbua, nimesikia Nosy Be meli haifiki gatini?

Baharia_wa_Zamani
Ni kweli, meli kubwa zinatia nanga nje mnapelekwa na boti ndogo. Zile boti zinapanda na kushuka na mawimbi, ndo kazi ngumu kwa mtu wa magoti. Mama asitoke na lile kundi la kwanza watu wanapogombania, asubiri foleni ipungue, dada atangulie yeye. Mabaharia wawili wanasimama hapo, mwambie asiwashike viganja, awashike mkono karibu na kiwiko na wao wamshike hivohivo, pale hata mkono ukiwa na maji hauponyoki. Asiruke, asubiri wamwambie sasa, boti ikipanda juu usawa wa ngazi anavuka kama anavuka kizingiti cha nyumba. Raba zenye soli isiyoteleza, na mikono yote miwili iwe mitupu, mkoba abebe dada. Na bahari ikiwa mbaya siku hiyo abaki juu, huko Nosy Be kubaki melini hakuna shida akishakuwa na karatasi zake zote.