Prosesa pepe iachie zamu vipi: sched_yield, kulala kwenye HLT, au kuzunguka kwanza?

Karafuu_Kavu (Wete)
Asalaam alaykum. Naandika emyuleta yangu (programu inayoigiza kompyuta nzima), imeshafika kuwasha Linux. Kasheshe ni kuwa hata mgeni (mfumo unaoendeshwa ndani ya emyuleta) akikaa bure, feni ya laptopu inalia kama inataka kuruka. Prosesa pepe, yaani ile inayoigizwa, ikikosa kazi nina njia tatu: kuita sched_yield (kuiomba keneli, moyo wa mfumo, impe mwengine zamu), kuilalisha thredi (mkondo wa kazi unaoiendesha) ikifika HLT (amri ya prosesa kusimama), au izunguke kidogo ikiangalia tena na tena ndiyo ilale. Wiki hii lazima niamue. Ipi bora?

BintiMkunazini
Waalaykum salaam. Bora kwa lipi, kaka? Hujasema unaigiza mashine gani, prosesa pepe ngapi, wala kama kila moja ina thredi yake au zinapokezana kwenye moja. Hapa tutapiga ramli tu.

Fundi_Chake
Sched_yield itupe. Kama hakuna mwengine kwenye foleni, keneli inakurudishia zamu pale pale, na kori (kitengo kimoja cha prosesa) inaliwa asilimia 100 vile vile. HLT maana yake sina kazi mpaka intarapti (ishara ya kifaa, kama taima au kibodi) ije. Basi lala kweli.

MzeeWaDarajani
Fundi, hayo ni nusu. HLT ni kukaa bure. PAUSE ni amri ya prosesa inayozunguka ikingoja kufuli (alama kuwa data ina mtu) alilolishika mwenzake. Huyo ukimlalisha nani atamwamsha? Kufuli likiachiwa haiji intarapti yoyote. Hapo unampisha mwenye kufuli amalize. QEMU, emyuleta mashuhuri, ikiigiza PAUSE hutoka kwenye kitanzi cha utekelezaji (mzunguko wa kuendesha amri) ili prosesa nyengine ipate zamu. KVM, ile ya ndani ya keneli ya Linux, kwenye Intel huiachia chipu igundue PAUSE zinazofuatana karibu karibu, ndiyo imtoe mgeni nje.

Karafuu_Kavu
Samahanini. Ni x86 (aina ya prosesa za Intel na AMD), prosesa pepe 4, kila moja na thredi yake. Laptopu ina kori 2.

BintiMkunazini
Sasa ndiyo umesema! Mwenye kufuli akinyang'anywa kori na keneli ya mwenyeji (laptopu yenyewe), wenzake wanachoma kori zote mbili wakimngoja yeye, naye anangoja wao wapishe.

Ngalawa_Nungwi
HLT nayo isikupumbaze. Kazini tulirithi emyuleta ya mtu aliyekwisha ondoka. Mgeni akiganda mara moja moja, bila mpangilio, na ukigusa kitufe chochote cha kibodi anafufuka. Wengine wakasema diski, wengine RAM, na RAM ikabadilishwa kweli. Kumbe thredi inaangalia kama kuna intarapti, inakuta hamna, inakwenda kulala. Taima ikipiga baina ya kuangalia na kulala, wito umepotea. Analala mpaka kibodi ilete intarapti nyengine. Dawa yake, angalia huku umeshika mutex (kufuli la thredi) ile ile anayoishika mleta intarapti, kisha pthread_cond_wait (hulala na kuiachia mutex kwa pamoja) ndani ya kitanzi. Na HLT ikija wakati IF (swichi ya prosesa ya kupokea intarapti) ni 0, taima haimwamshi. NMI (intarapti isiyozuilika kwa swichi hiyo) itamwamsha.

Fundi_Chake
Si ndiyo nilivyosema, HLT? Mutex ni mjadala mwengine.

Pweza_Mkavu
Na mgeni akiwa DOS, ule mfumo wa zamani? Mle unakuta kitanzi kinangoja kitufe tu, HLT hakuna. Programu zenye adabu huita huduma ya INT 2Fh na AX 1680h kuachia zamu. Michezo ya zamani haina adabu hiyo.

MzeeWaDarajani
Kasema Linux. DOS imetokea wapi?

Karafuu_Kavu
Na kuzunguka kwanza je? KVM wana halt_poll_ns (muda wa kuzunguka kabla ya kulala).

BintiMkunazini
Wao wanatafuta wepesi wa kuamka, na gharama yake ni prosesa ya mwenyeji. Wewe unalalamikia feni, halafu unataka kuzunguka?

Ngalawa_Nungwi
Punguza prosesa pepe ziwe 2, umalize.

Karafuu_Kavu
Zikiwa 2 sitoziona hitilafu za kufuli ninazozitafuta.

Fundi_Chake
Basi nunua mashine ya kori 8. Hapa Chake zipo za mitumba, safi tu.

Pweza_Mkavu
Za mitumba betri huwa imekwisha. Umeme ukikatika, na diski ya mgeni nayo kwaheri. Wanauzaje lakini?