QGIS au programu ya kulipia? Ramani ya Kitumbeine na Gelai

Mgunga_Mkavu: Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao nina wageni wawili, tunatembea kwa miguu kutoka mlima Kitumbeine hadi mlima Gelai, huku Longido. Nataka ramani yangu mwenyewe: kontua (mistari ya mwinuko), makorongo, maji, njia za ng'ombe, kila kimoja tabaka lake, nikitaka nafunga nikitaka nafungua. Nijifunze QGIS, ile programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, au nilipie Gaia GPS, app ya ramani ya simu, ya mwaka?

BintiUsa: Maelezo nusu kilo. Simu gani? Laptopu unayo? Utachapa au unatembea na simu tu?

Kontua20: QGIS, ni bure. Pakua data za mwinuko za SRTM, zile zilizopimwa kutoka angani mwaka 2000, toa kontua za kila mita 20, ongeza njia za OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, kisha ifungue kwenye simu kwa QField, app ya kufungulia ramani za QGIS. Huhitaji bando porini. Ila hizo SRTM zina nukta moja kila kama mita 30, korongo jembamba linamezwa. Usikate njia kwa kuamini kontua peke yake.

MzeeWaLongido: Kwenye matabaka ndiko nilikoumbuka. Niliskani karatasi ya ramani ya zamani ya 1:50,000, nikaipachika juu ya picha ya setilaiti, ikapendeza kweli. Kumbe zile zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, simu inasoma WGS 84, mfumo wa GPS, na huku kwetu tofauti ni karibu mita 300. Nikawaambia wageni kisima kiko ng'ambo ya korongo. Tukashuka, tukapanda kwa magoti, miba ya migunga mpaka kwenye kofia. Juu tukakuta mbuzi na kijana anatutazama. Akanyoosha fimbo kule tulikotoka: "Maji mmeyapita." Mgeni mmoja hakunisemesha mpaka kambini.

Kontua20: Mzee, hilo si kosa la QGIS. Ungeiambia programu kwamba karatasi ni Arc 1960, ingejisogeza yenyewe.

MzeeWaLongido: Sijailaumu. Nasema yule kijana hakuwa na betri ya kuisha.

BintiUsa: Na kabla hajatokea mtu wa CalTopo, programu nyingine ya ramani: tabaka zake nzuri ni za Marekani. Mleta mada, tunasubiri majibu.

Mgunga_Mkavu: Simu ni Android, kioo kimepasuka kona. Laptopu ni ya shemeji.

BintiUsa: Kwa hiyo huna.

Kontua20: Chapa A3 ya akiba basi. Nani anajua Arusha wanapochapa karatasi isiyolowa?

MzeeWaLongido: Mimi huipeleka kwa wanaolaminisha vyeti. Ukiikunja tu, inapasuka.