Nimegawa kahawa bure vikombe kama 400, nimeuza pakiti sita. Desemba nifanyeje?

Binti Kihamba

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na kejeli mkitaka leteni, nimeshazizoea.

Nina kibiashara cha kahawa hapa Moshi. Nanunua arabika kwa wakulima wa huko juu Kibosho, nakaanga, nasaga, napaki robo kilo kwa 9,000. Alama ya TBS ninayo, pakiti inapendeza, aliyeonja hajawahi kulalamika. Tatizo ni kujulikana.

Mwaka huu nilijitosa siku ya Kilimanjaro Marathon. Nikatafuta sehemu njiani kuelekea uwanja wa Ushirika, nikatandika meza, vijana wawili wenye fulana za kahawia, machupa sita ya kahawa ya moto. Nilijiona nimewaza kweli kweli. Sasa pata picha: mtu katoka kukimbia kilometa 21, jasho linamchuruzika, jua la saa nne limeshawaka, halafu mimi namnyooshea kikombe kinachofuka moshi. Kaka mmoja alinitazama kwa huruma kabisa akaniuliza, "Dada, maji huna?"

Walioinywa ni bodaboda na wanafunzi, wengine walirudi mara tatu. Pakiti sita ndizo ziliuzika, mbili kanunua shangazi yangu. Kwenye bango niliweka ile alama ya QR watu wascani waingie Instagram. Saa saba mchana ndiyo nagundua kitambaa cha meza kimeifunika.

Kabla ya hapo nilishampa influensa mmoja wa Dar laki tano. Akaweka statasi moja, ikakaa siku moja, na jina la kahawa akalikosea.

Sasa Desemba hiyo inakuja, Wachaga wanarudi nyumbani kwa sikukuu, tunasema wanakuja kuhesabiwa. Nina milioni mbili na nusu. Nikodi gari la matangazo lizunguke na spika kuanzia Mbuyuni hadi Kiboriloni? Redio? Au kuna kitu mtu atakipiga picha mwenyewe bila kulipwa?

Kashata Moja

Pole dada, ila hapo kwenye "maji huna" nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Ukweli mchungu: sisi tunailima, hatuinywi. Kwetu Marangu kihamba, yaani shamba la nyumbani, kilijaa mibuni, na asubuhi mama anachemsha chai ya majani. Gari la spika halitabadilisha hilo. Utapigiwa kelele na wenye maduka tu.

Nilikuwa Ejensi

Nimefanya kazi za matangazo Dar miaka kadhaa, nikuambie kitu. Kosa lako halikuwa kugawa bure. Ulimpa mtu kitu ambacho mwili wake haukitaki saa ile. Ungepeleka kahawa ya baridi yenye barafu, leo tungeongea mengine.

Kuna kampeni ya Burger King ya Marekani, Desemba 2018. Waliuza baga yao ya Whopper kwa senti moja, lakini oda ilifunguka kwenye programu yao ya simu pale tu mtu akiwa ndani ya kama mita 180 kutoka mgahawa wa McDonald's. Yaani unatumwa hadi mlangoni kwa mshindani, unaagiza ukiwa pale, kisha unageuza gari. Punguzo la bei kila mtu analitoa. Pale mteja alipewa utundu wa kufanya, na utundu husimuliwa. Wewe kwenye meza yako mtu angesimulia nini? Kwamba alikunywa kahawa.

Nyingine ni Coca-Cola. Mwaka 2011 kule Australia walichapa kwenye chupa majina 150 yanayotumika sana kule. Watu wakawa wanachakura friji wakitafuta jina lao au la mpenzi wao. Usiige majina ya kwanza. Uchagani mtu anajitambulisha kwa ukoo. Weka KAHAWA YA KINA SHIRIMA, YA KINA SWAI, YA KINA LYIMO. Mtu wa Rombo aione pakiti ya Shirima dukani aipite? Ataipiga picha, ataitupa kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, na lile grupu lina watu mpaka walioko Marekani. Hiyo ndiyo redio yako.

Fundi Stika

Wazo zuri ila usichape pakiti mpya, utafilisika. Pakiti ibaki hiyo hiyo, ukoo uwe stika juu yake, na usifunike tarehe ya kuisha muda wala alama ya TBS. Anza na koo kumi. Nimewahi kumchapia mtu stika nyingi kwa pupa, bado ziko kwenye boksi ofisini kwangu, mwenyewe simu hapokei.

Mrombo wa Mbezi

Mimi ni miongoni mwa hao wanaokuja kuhesabiwa, ngoja niseme la upande wetu.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku 2023, wengi tunashuka stendi alfajiri. Shingo imekakamaa, miguu imevimba, na wa kunipokea kachelewa. Saa ile kahawa nainywa hata kama siipendi. Kuna wazee wa birika pale tayari, wana vikombe vyao, kashata na wateja. Usiwaletee ushindani. Wape kahawa yako, walipe ya siku, wavae hizo fulana. Abiria anywe, aulize "hii ya nani?"

Ila pakiti usiniuzie nikishuka. Nikishuka nina mabegi, watoto, na ndugu wanaosubiri niwaachie chochote. Niuzie nikiondoka. Kila mwaka narudi Dar na ndizi na parachichi, zinaiva zote siku moja nagawa kwa majirani. Robo kilo ya kahawa yenye jina la ukoo naweza kumpelekea bosi.

Kashata Moja

@Mrombo wa Mbezi ukiondoka una hela gani wewe? Tarehe 2 Januari tunawajua, nauli mnaazima.

Mrombo wa Mbezi

Hahaha, basi achukue oda nikiwa bado na hela. Kikaratasi na kikombe cha alfajiri: ukoo wako, idadi ya pakiti, lipa namba. Nachukua siku ya kuondoka.

Wakili wa Kijiweni

Mawili tu. Ukianza kukusanya namba za simu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwambie mtu unazichukulia nini, usije ukamtumia meseji za matangazo mwaka mzima. Na ukishawishika kuchezesha bahati nasibu ya "nunua pakiti ushinde mbuzi", pitia kwanza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Pia jina la ile marathon usiliandike kwenye bango kama si mdhamini.

Binti Kihamba

Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Gari la spika nimeliacha.

Jana alfajiri nilikwenda stendi kujaribu, mzee mmoja wa birika, bila fulana wala bango. Nikamwachia kilo moja. Saa mbili kanipigia: kahawa imeisha, na kuna mama kauliza kama inauzwa akampa namba yangu. Ila kanionya nisage laini zaidi, kwenye birika lake machicha yanapanda.

Koo kumi nilizochagua: Shirima, Swai, Lyimo, Massawe, Mushi, Tarimo, Temba, Urassa, Minja, Mallya.

Mzee wa Kilema

Kimambo hatupo? Haya.

Nilikuwa Ejensi

Ameshaanza huyo. Hata Coca-Cola hili liliwakuta, majina 150 hayakutosha, wakaweka vibanda kwenye maduka makubwa mtu achapiwe jina lake papo hapo. Wewe nunua kalamu nene nyeusi na stika zilizoandikwa KAHAWA YA KINA, mbele wazi. Mtafute kijana mwenye mwandiko mzuri.

Fundi Stika

Stika za kuandikwa kwa kalamu ziwe za karatasi, za plastiki wino unafutika. Nicheki inbox.

Binti Kihamba

@Mzee wa Kilema shikamoo. Kimambo ngapi?

Mzee wa Kilema

Marahaba. Weka nne. Moja isisagwe, nitaisaga mwenyewe.